Kanada: miaka 30 ya kuchemsha maji. Ni kampeni gani hasa imewasaidia wenyeji wa asili?

Ngalawa (mleta uzi) | #1

Wakuu, heshima mbele.

Sisi tunaoishi huku tunaulizwa kuhusu baridi, vibali na mishahara. Maji hayaulizwi, na wala sishangai. Nchi hii ina maziwa mengi kuliko nchi yoyote duniani, na mjini unafungua bomba, unakinga, unakunywa. Kwenye rizavu, yaani ardhi walizotengewa wenyeji wa asili, habari ni nyingine kabisa.

Chukueni Neskantaga, jamii ndogo kaskazini ya mbali ya jimbo la Ontario. Hakuna barabara ya kudumu. Ni ndege, au njia ya juu ya barafu msimu wa baridi ukikaza. Tarehe 1 Februari 1995 walipewa ilani ya kuchemsha maji kabla ya kuyanywa. Ilani hiyo bado ipo. Mtambo wao wa kusafisha maji ulijengwa 1993, kwa hiyo ulishindwa kazi kabla hata haujachakaa. Oktoba 2020 mambo yakawa mabaya zaidi: utando wa mafuta ulionekana kwenye tangi la akiba, maji yakafungwa, watu wakapakiwa kwenye ndege mpaka hotelini mji wa Thunder Bay, tena katikati ya Korona. Walirudi kwao Desemba.

Mimi niko Winnipeg, jimbo la Manitoba, na hapa ndipo jambo linaponigusa. Maji ya jiji hili yanatoka Shoal Lake, yanasafiri zaidi ya kilomita 100 kwa mfereji uliokamilika 1919. Ili maji yaje masafi, walichimba mtaro wa kugeuza maji machafu yaende upande wa pili, na mtaro huo ukawakata na nchi kavu watu wa Shoal Lake 40, jamii ya wenyeji wa ziwa hilo. Kijiji kikawa kisiwa. Jiji likanywa maji ya ziwa lao kwa karne nzima, wao wenyewe tangu miaka ya 1990 wakawa wanachemsha na kununua maji ya chupa. Barabara walipata 2019. Mtambo wa maji, Septemba 2021.

Sijafungua uzi tulie pamoja. Nataka tujadili kampeni zenyewe, maana zimekuwa nyingi: maandamano, saini, kesi, hotuba Umoja wa Mataifa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kampeni nyingi zinazaa huruma, huruma inazaa majengo, na jengo peke yake halitoi maji salama. Kilichosogeza mambo ni pale wenyeji walipoacha kuomba mitambo wakaanza kuuliza nani analazimika kisheria na nani anamlipa fundi. Karibuni mnipinge.

Kisiki | #2

Duh. Yaani nchi ya G7?

Naweka kigoda, nasubiri wajuzi.

Msomi wa Kijiweni | #3

Mkuu Ngalawa, uzi mzuri lakini niwe mkorofi kidogo. Hao Neskantaga ni watu mia tatu na ushee, wako porini, kila mfuko wa saruji unaenda kwa ndege. Kwa pesa hiyo hiyo unaweza kuwajengea nyumba nzuri karibu na mji wenye maji. Kwa nini kampeni isiwe ya kuwahamisha? Nauliza tu, msinirushie mawe.

Bi Shuu | #4

Mwanangu Msomi, mawe sikurushii, ila kaa nikwambie.

Kwanza, usidhani wote wako porini. Curve Lake, ambayo ni miongoni mwa walioishtaki serikali, iko karibu na Peterborough, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Toronto. Six Nations wa Grand River wamezungukwa na miji ya kusini ya Ontario, na bado nyumba nyingi huko hazina bomba. Wanaletewa maji kwa boza au wanategemea visima. Wakati huo huo, jirani yao Aberfoyle, Nestlé ilikuwa na kibali cha kuvuta hadi lita milioni 3.6 kwa siku za kutia kwenye chupa. Mpaka 2017 ada ya serikali ya jimbo ilikuwa dola 3.71 kwa lita milioni moja. Si kwa lita, kwa milioni! Baada ya makelele ikapandishwa ikawa dola 503.71. Basi umbali ndio tatizo hapo?

Pili, hayo ya kuhama wameshafanyiwa sana. Nani aliwaweka hapo walipo? Kashechewan, pwani ya James Bay, kijiji kimewekwa kwenye uwanda wa mafuriko, na karibu kila mwaka barafu ya mto ikiyeyuka watu wanahamishwa kwa ndege. Hapo hapo mwaka 2005 wakakutwa na bakteria wa E. koli kwenye maji ya bomba, mamia wakaondolewa. Na Shoal Lake 40 ndio hao aliowataja Ngalawa: walisukumwa na jiji, wakageuzwa kisiwa, kisha waulizwe mbona mnaishi kisiwani.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Msomi wa Kijiweni | #5

Bi Shuu nimekusikia mama. Hilo la Aberfoyle sikulijua.

FundiBomba | #6

Nimefanya kazi kwenye mitambo ya maji miaka mingi, niruhusuni niongee ya fundi, kwa sababu mjadala wa siasa huwa unaruka mahali ambapo tatizo lipo.

Ilani za maji si za aina moja. Ipo ya kuchemsha, hiyo ni ya vijidudu: ukichemsha vinakufa, basi. Ipo ya usinywe, ambapo ndani kuna kitu ambacho moto hauondoi, mfano uraniamu au aseniki. Na ipo ya usitumie kabisa, hata kuoga. Mtu anayesema "si wachemshe tu" hajui kwamba kwenye baadhi ya maeneo kuchemsha kunazidisha ubaya, kwa sababu maji yanapungua na kemikali inabaki.

Kaskazini ya Ontario maji ya ziwa yana rangi ya kahawia kutokana na majani na mimea iliyooza. Ukimwaga klorini kwenye maji hayo bila kuyachuja vizuri kwanza, klorini inaungana na ule uozo na kutengeneza kemikali zinazoitwa trihalomethani. Ukipunguza klorini, vijidudu vinabaki. Ukiongeza, kemikali zinapanda. Attawapiskat walitangaza hali ya dharura 2019 kwa sababu hiyo, watu wakaambiwa wafupishe kuoga na waache hewa ipite bafuni. Kwa hiyo kwenye maji kama yale huwezi kuleta mtambo mdogo wa bei rahisi uliobuniwa kwa maji ya kisima, ukakata utepe, ukaondoka. Na kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanyika, zabuni ya bei ya chini ndiyo inashinda.

Sasa fundi. Mtambo unahitaji mtu aliyesomea, wa pili wa kumpokea akiumwa, vipuri, kemikali, na maabara ya kupima sampuli. Kwa muda mrefu serikali kuu ilikuwa inatoa asilimia 80 ya kile ambacho kanuni yake inasema ni gharama ya uendeshaji, na jamii itafute asilimia 20. Itafute wapi? Kijiji cha watu mia tatu, wengi hawana ajira, utawatoza bili ya maji ambayo hawawezi kuyanywa? Mkaguzi Mkuu wa Kanada kwenye ripoti ya Februari 2021 alisema kanuni hiyo ilikuwa haijaboreshwa kwa miaka 30. Miaka thelathini, wakuu! Na mishahara ya waendeshaji ikawa chini kuliko ya wenzao mijini, kwa hiyo ukimfundisha kijana akapata cheti, mji wa jirani unamchukua. Simlaumu. Ningeondoka pia.

Ndiyo maana naungana na mleta uzi. Kampeni ikisema "wajengewe mtambo", mimi nauliza nani atakuwa anapima klorini saa kumi na moja alfajiri Januari.

Kisiki | #7

Fundi umeua. Kwa hiyo serikali ikijenga inahesabu imemaliza.

FundiBomba | #8

Ndiyo. Utepe una kamera. Pampu iliyoharibika usiku haina.

Zuhra_M | #9

Naomba nitofautiane na kaka Ngalawa kidogo. Unasema kampeni zinazaa huruma tu. Mimi naona bila wale kina mama na mabinti, hakuna ambaye angekuwa anaisoma hiyo ripoti ya Mkaguzi.

Josephine Mandamin, bibi wa Kianishinaabe, 2003 alichukua ndoo ya shaba yenye maji akatembea kwa miguu kulizunguka Ziwa Superior. Lote. Miaka iliyofuata akaendelea na Maziwa Makuu mengine. Kwao, kuyatunza maji ni jukumu la wanawake, na matembezi yale yalikuwa ibada kabla ya kuwa maandamano. Hakuwa na mabango wala madai ya bajeti. Lakini kila kijiji alichopita watu waliungana naye, na wengi walioingia kwenye harakati za maji baadaye walianzia nyuma ya ile ndoo.

Autumn Peltier, ambaye Mandamin alikuwa bibi yake kiukoo, anatoka Wiikwemkoong kwenye kisiwa cha Manitoulin. Desemba 2016 akiwa na miaka 12 alipangwa kumkabidhi zawadi Waziri Mkuu Trudeau mbele ya mkutano wa machifu. Badala ya kutabasamu kwa ajili ya picha akamwambia hafurahishwi na maamuzi yake, akalia. Trudeau akamjibu kwamba atayalinda maji. Mandamin alipofariki 2019, binti huyo akarithi kazi yake ya kamishna mkuu wa maji wa Anishinabek Nation, muungano wa jamii zao, na mwaka huo huo New York akasema hatuwezi kula pesa wala kunywa mafuta. Maneno hayo yamebandikwa kila mahali.

Hiyo si huruma. Hiyo ni kumfunga kiongozi kwa maneno yake mwenyewe, hadharani, kamera zikiwaka.

Ngalawa (mleta uzi) | #10

Dada Zuhra, hapo sikupingi. Kumfunga kiongozi kwa maneno yake ni sawa kabisa na ninachosema. Tatizo langu ni na ile kampeni ya chupa: shirika linakusanya katoni za maji, linapiga picha na watoto, linaondoka.

Ahadi yenyewe tuiweke mezani. Trudeau kwenye uchaguzi wa 2015 aliahidi kwamba ndani ya miaka mitano ilani zote za muda mrefu zitakuwa zimeondolewa, mwisho ukawekwa Machi 2021. Ilani ya muda mrefu ni ile iliyozidi mwaka mmoja. Wakati anaingia zilikuwa 105. Desemba 2020 waziri wake, Marc Miller, akakiri kwamba tarehe hiyo haitafikiwa.

Ila, na hapa niwe mkweli kwa serikali, walifanya jambo moja ambalo wanaharakati walikuwa wanalidai: waliweka hesabu kwenye tovuti, inasasishwa, kila mtu anaona zimeondolewa ngapi na zimeongezwa ngapi. Namba ile imewatesa kuliko hotuba yoyote. Waandishi wa habari kila mwezi wanaichungulia.

Msomi wa Kijiweni | #11

Basi mkuu, kwa maneno yako mwenyewe kampeni ya kawaida ilifanya kazi. Nimeingia kuangalia sasa hivi: tangu 2015 ilani za muda mrefu zilizoondolewa zimezidi 140. Zilizobaki ni thelathini na kitu. Hiyo kwa nchi yoyote ni kazi. Mbona mnaongea kama hakuna kilichofanyika?

FundiBomba | #12

Msomi, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Kazi imefanyika, tena kubwa. Kuna jamii zilizochemsha maji miongo miwili leo zinakunywa bombani.

Lakini isome namba kama fundi. Kwanza, zilianza 105, zimeondolewa zaidi ya 140, na bado zipo thelathini na kitu. Piga hesabu utaona zingine zilizaliwa njiani. Maana yake mitambo ilikuwa inaharibika huku mingine inakarabatiwa. Pili, hesabu ile ni ya mifumo ya umma inayopewa fedha na wizara. Mwenye kisima chake nyuma ya nyumba hayumo. Ile boza inayojaza tangi la mtu binafsi, tangi likiwa na panya aliyekufa, haimo. Tatu, ilani fupi za wiki mbili, zinarudi kila baada ya miezi, hazifikii mwaka, hazimo. Ilani ikifutwa huku fundi ni yule yule mmoja asiye na msaidizi, mimi naiita imeahirishwa.

Mwaka 2011 serikali yenyewe iliagiza ukaguzi wa kihandisi wa nchi nzima. Katika mifumo 807 iliyokaguliwa, 314 iliwekwa kundi la hatari kubwa. Asilimia 39. Na wakaguzi hawakuangalia chanzo cha maji na mitambo tu. Waliangalia pia uendeshaji, kumbukumbu na mafunzo ya fundi. Mtambo mpya wenye fundi asiye na cheti unaweza kuwekwa kundi la hatari. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kampeni ingeshikilia, si ya ilani pekee.

Kisiki | #13

Kwa hiyo tukiacha siasa, kwa nini mji wa kawaida ukipata maji machafu linatatuliwa mwaka huo huo na hawa wanasubiri miaka 30? Sheria si moja?

Wakili Mkaidi | #14

Kisiki umeuliza swali ambalo ndilo kesi yenyewe. Sheria si moja.

Mei 2000, mji mdogo wa Walkerton, Ontario, maji ya bomba yaliingia E. koli kutoka kwenye mbolea ya ng'ombe. Watu saba walikufa, zaidi ya 2,300 waliugua. Ikaundwa tume, ikagundulika wasimamizi walikuwa wanaandika vipimo vya klorini vya uongo, na 2002 Ontario ikatunga sheria kali ya maji ya kunywa: vyeti vya lazima, upimaji wa lazima, adhabu. Sheria hiyo inaishia kwenye mpaka wa rizavu. Katiba ya 1867, kifungu cha 91(24), inawaweka wenyeji wa asili na ardhi zao chini ya serikali kuu. Na serikali kuu haikuwa na sheria yoyote inayolingana. Ilikuwa na miongozo. Mwongozo hauna mahakama.

Mwaka 2013 wakatunga sheria ya maji salama ya Mataifa ya Kwanza, ndivyo wenyeji hawa wanavyojiita. Machifu wengi waliipinga, na wageni wa jambo hili hushangaa: mnalilia sheria, mkipewa mnakataa? Walikataa kwa sababu iliwabebesha wajibu bila fedha. Ingekuwa mtambo ukifeli, mwenye kosa ni baraza la kijiji. Haikuwahi kutungiwa hata kanuni moja, ikafutwa 2022.

Kilichoivunja ni kesi. Curve Lake, Neskantaga na Tataskweyak ya Manitoba waliishtaki serikali kuu kwa niaba ya jamii zote zilizokaa chini ya ilani mwaka mmoja au zaidi tangu Novemba 1995. Desemba 2021 mahakama ikaridhia makubaliano ya dola bilioni 8. Bilioni 1.5 ni fidia kwa watu waliokosa maji salama. Angalau bilioni 6 serikali ilijifunga kuzitumia kwenye maji yenyewe. Na kwenye makubaliano kuna sharti ambalo magazeti yaliliruka: serikali ifanye kila juhudi ya maana kuhakikisha maji ya kila siku majumbani, na jamii ikiona haitendewi hivyo ina njia ya kulalamika na kusuluhishwa. Naungana na mleta uzi kwa hilo. Ahadi ya kampeni ukiivunja unaaibika. Makubaliano ya mahakama ukiyavunja unarudi kwa jaji.

Ila msifurahi sana. Shamattawa, nao wa Manitoba, walifungua kesi nyingine 2022, na mawakili wa serikali wakasimama kortini kudai kwamba serikali haina wajibu wa kisheria wa kuwapa maji safi; kwamba inasaidia kwa uamuzi wake wa kisera. Hapo ndipo utajua tabasamu la mkutanoni na hoja ya kortini ni vitu viwili. Na si jambo jipya: Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kutambua maji kuwa haki ya binadamu, kura 122 zilikubali. Kanada haikupiga upande wowote.

Kisiki | #15

Aisee. "Tunasaidia." Baada ya kuchukua ziwa.

Bi Shuu | #16

Wakili ahsante baba. Naomba nami nitie lingine, maana mmeongea mtambo na sheria, ila kuna mahali maji yaliuawa mtoni kabla hayajafika bombani.

Grassy Narrows, jamii nyingine ya Ontario. Kiwanda cha karatasi kule Dryden, kati ya 1962 na 1970, kilimwaga takriban tani tisa za zebaki kwenye mto Wabigoon. Zebaki ikaingia kwenye samaki, samaki wakaliwa na watu ambao uvuvi ndio ulikuwa riziki na kazi yao. Mikono inatetemeka, macho hayaoni vizuri pembeni, maneno yanakwama. Wataalamu wa Kijapani waliowajua wagonjwa wa zebaki wa Minamata, kwao Japani, walikwenda wakawapima tangu miaka ya 1970. Watoto wa watoto wa wale wavuvi bado wanadai, na zebaki bado imo kwenye tope la mto.

Wao kampeni yao nimeipenda kwa ukaidi. Kila baada ya muda wanasafiri mpaka Toronto, wanaandamana na vitambaa vya buluu virefu kama mto, mpaka mlangoni kwa serikali ya jimbo. Machi 2019 mwanaharakati mmoja aliingia kwenye hafla ya chama cha Trudeau ya kuchangisha fedha, akafungua bango kuhusu zebaki. Alipokuwa anatolewa na walinzi, Waziri Mkuu akamwambia asante kwa mchango wako. Ukumbi ukacheka. Siku ya pili akaomba radhi. Ile kejeli moja iliwafikisha Grassy Narrows kwenye masikio ya watu ambao miaka hamsini ya vipimo haikuwafikia. Mwaka uliofuata ukasainiwa mkataba wa nyumba ya kuwauguza wagonjwa wa zebaki. Sisemi ni kwa sababu ya mzaha ule peke yake, walikuwa wamedai miaka mingi. Nasema mtu asidharau kero ya dakika mbili.

Zuhra_M | #17

Bi Shuu umenikumbusha Shoal Lake 40, maana nao walijua kuchokoza. 2014 Winnipeg ilifungua jumba kubwa la makumbusho ya haki za binadamu, la kifahari. Ndani lina madimbwi ya maji ya kutuliza nafsi, na maji yenyewe, kama maji yote ya jiji, yanatoka Shoal Lake! Wenyeji wakafungua "makumbusho" yao kijijini: ya ukiukaji wa haki za binadamu Kanada. Kiingilio kilikuwa kuvuka na kivuko, vionyesho vilikuwa katoni za maji ya chupa na mtaro uliowakata. Waandishi walikwenda kwa wingi. Makanisa ya Winnipeg yakaanza kubandika mabango ya kudai barabara. 2019 barabara ikafunguliwa, kilomita 24, wao wanaiita Barabara ya Uhuru.

Kaka Ngalawa, uko hapo Winnipeg, hii unaijua vizuri kuliko mimi. Hiyo si uhamasishaji?

Ngalawa (mleta uzi) | #18

Ni uhamasishaji, na ni wa hali ya juu. Lakini tazama walichodai: barabara. Hawakudai maji kwanza. Walishaambiwa huko nyuma kwamba mtambo ni ghali mno kwa sababu kila kifaa kivuke ziwa. Wakatafuta kile kinachofanya kila kitu kingine kiwe ghali, wakakidai hicho. Barabara ilipofika 2019, mtambo ukafuata baada ya miaka miwili. Kabla yake watu walikuwa wanavuka juu ya barafu, na wengine walizama. Kwa hiyo walijua wanachokitaka mpaka kwenye kilomita.

Huo ndio mfano wangu bora, na nakubali umenisaidia kuusema vizuri zaidi kuliko nilivyousema #1.

Msomi wa Kijiweni | #19

Haya, mmenishika. Sasa swali la vitendo. Mtu wa kawaida, mhamiaji kama Ngalawa, asiye mwenyeji wa asili, afanye nini? Maana kusaini mtandaoni kila mtu anasaini.

FundiBomba | #20

Ukiwa na hela, usinunue maji ya chupa kupeleka isipokuwa dharura. Toa kwa wanaofundisha vijana wa jamii hizo kuwa waendeshaji mitambo. Water First ni shirika mojawapo, linafundisha kwa vitendo kijijini mpaka mtu anafanya mtihani wa cheti. Na tazama kinachofanyika pwani ya Atlantiki. Jamii kadhaa huko ziliunganisha nguvu zikaunda mamlaka yao ya maji, Atlantic First Nations Water Authority, na Novemba 2022 zikasaini na serikali kuu kukabidhiwa kazi yote. Ni chombo kimoja chenye wahandisi wake na mpango wa matengenezo wa miaka mingi, badala ya kila kijiji kupigana na wizara peke yake. Fundi akiumwa, mwingine anatumwa. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mitambo kumi.

Wakili Mkaidi | #21

Mimi nitasema mwandikie mbunge wako, lakini kwa jambo mahususi. Desemba 2023 uliwasilishwa Muswada C-61 wa maji safi ya Mataifa ya Kwanza. Ulikuwa na viwango vya chini vya ubora, utaratibu wa fedha, na kinga ya vyanzo vya maji hata vikiwa nje ya rizavu. Januari 2025 Bunge likaahirishwa, muswada ukafa kabla haujapita. Mwandikie adai urudishwe. Haukuwa mkamilifu, baadhi ya machifu walitaka maji yatamkwe waziwazi kuwa haki ya binadamu, na walilalamika kwamba hawakushirikishwa wote.

Kisiki | #22

Nani anaupinga sasa, maana nani anapinga maji safi?

Wakili Mkaidi | #23

Hakuna anayepinga maji safi, mkuu. Wanapinga mstari. Mwaka 2025 mawaziri wa mazingira wa Ontario na Alberta waliiandikia serikali kuu wakiomba isiurudishe, kwa hoja kwamba utachelewesha miradi na kuingilia mamlaka ya majimbo. Kinachowauma ni kile kipengele cha kulinda vyanzo: mto hauanzii kwenye rizavu, unaanzia juu kwenye mgodi, msitu au shamba la mtu. Ukimpa chifu sauti juu ya chanzo, umempa sauti juu ya mgodi. Kwa hiyo ukimwandikia mbunge, usiulize kama anaunga mkono maji salama, atasema ndiyo. Muulize kama anaunga mkono muswada urudishwe na kinga ya vyanzo ibaki humo kama ilivyokuwa. Subiri uone barua inavyojibiwa.

Bi Shuu | #24

Ngalawa, wewe una mbunge wa Winnipeg anayekunywa maji ya Shoal Lake. Anza na huyo.

Ngalawa (mleta uzi) | #25

Nimeshaandika jana usiku, Bi Shuu, kwa maneno ya Wakili. Akijibu nitaleta mrejesho hapa hapa, hata kama ni ile barua ya asante kwa maoni yako.

FundiBomba, nakuomba ukipata nafasi ufungue uzi wa peke yake kuhusu matangi ya majumbani na jinsi ya kuyapima. Hapa yamepita haraka, na ndiyo hayamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.